Je, Wajua Kwa Nini Karoti za Kwenye Ndoo Huota Miguu Miwili?

Watu wengi waking'oa karoti yenye miguu miwili hulaumu mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Umbo la karoti huamuliwa mapema, mche ukiwa bado na majani machache tu. Mzizi mkuu hutangulia kushuka chini ukiwa mwembamba kama uzi, kisha hunenepa hapo hapo ulipopita. Ncha yake ikigonga kokoto, ikikwama kwenye udongo ulioshikana au ikikatika, mizizi ya pembeni hushika nafasi yake na kila mmoja hunenepa. Kwa hiyo karoti haioteshwi kitaluni ikahamishwa. Mbegu huwekwa pale pale itakapovunwa.

Uzuri wa kupanda kwenye chombo ni kwamba udongo unauandaa mwenyewe. Ndoo ya lita 20 inafaa. Aina ya Nantes, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 18, ipe udongo wenye kina cha sentimita 30; Chantenay, iliyo fupi na nene, huridhika na 25. Toboa matundu kadhaa chini. Usitandike kokoto: maji hutuama juu yake, na kina unachokihitaji kinapungua.

Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya mboji iliyooza kabisa, vyote vikiwa vimechekechwa. Samadi mbichi iache. Naitrojeni yake, kirutubisho cha majani, ikizidi hustawisha majani, huku mizizi ikitoka na vinywelea na kugawanyika.

Kuota ndiko kunakowashinda wengi. Mwagilia udongo kwanza, sia mbegu kwenye kina kisichozidi sentimita 1, funika kwa udongo laini bila kushindilia. Mbegu huchukua wiki moja hadi tatu kuota, na katika muda wote huo tabaka la juu lisikauke hata siku moja, kwa sababu mbegu iliyokwisha kuanza kuchipua ikikauka imekufa. Funika ndoo kwa gunia lenye unyevu, ulichungulie kila siku, na uliondoe mara tu mche wa kwanza unapojitokeza. Mbegu za karoti hupoteza nguvu haraka, kwa hiyo pakiti ya miaka mingi usiitegemee.

Miche ikifika sentimita 5, ipunguze ibaki kila mmoja umbali wa sentimita 5 na mwenzake. Ndoo moja itabaki na karoti 15 hadi 20. Inauma kukata miche mizima, lakini ikibanana utavuna majani. Tumia mkasi usawa wa udongo, maana kung'oa hutikisa mizizi ya jirani.

Baada ya hapo kazi ni jua la saa sita au zaidi kwa siku na maji yasiyoyumba. Karoti iliyoachwa ikauke kisha ikafurikishwa hupasuka kwa urefu. Bega, yaani sehemu ya juu ya karoti, likichomoza juu ya udongo, lifukie, la sivyo jua litaligeuza kijani na kulitia uchungu. Joto kali nalo huzaa karoti fupi zilizopauka, hivyo ndoo nyeusi ikinge na jua la mchana.

Aina nyingi huwa tayari kati ya siku 70 na 90. Fukua kidogo kwa kidole uone upana wa bega kabla ya kuvuta. Ukishang'oa, kata majani papo hapo, kwani huendelea kufyonza maji ya mzizi na karoti hulegea upesi.