Maji yakishachemka, mkaa unaoongeza unapika hewa

Jumapili wifi yangu kaingia kutoka Dar saa sita mchana, kakuta nimebandika kongoro, na kabla hajavua koti kashajaza mkaa jikoni. "Wifi, nyama gani hii tangu saa nne? Ongeza moto iive!" Maneno hayo nimeshayasikia kwa wateja, kwa majirani, na kwa mama mkwe, ambaye sikuthubutu kumjibu. Wifi namjibu.

Nilichukua kipimajoto changu, nikakitumbukiza kwenye supu bila kugusa kitako cha sufuria. Kabla mkaa wake haujashika, supu ilikuwa inatokota taratibu: nyuzi 94. Tukapepea mpaka mfuniko ukaanza kucheza na supu kumwagikia jikoni: nyuzi 94. Akakikung'uta, akidhani kimekwama.

Hakijakwama. Maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto unaoongeza unageuza maji kuwa mvuke tu, na mvuke huo ndio uliolowanisha ukuta wangu. Unachopata ni supu kukauka haraka, nyama kushika chini, na mkaa kuisha. Na huku kwetu maji yanachemka mapema. Pwani ni nyuzi 100. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo yanachemka kwenye 94 hivi. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja, basi Njombe hali ni mbaya kuliko kwetu, na Makete usiseme. Ndiyo maana maharage yanayoiva vizuri Temeke huku yanagoma. Nyama nayo ikichelewa kuiva, ng'ombe wetu wanasingiziwa bure.

Ukitaka joto zaidi kweli, njia ni presha kuka, kwa sababu inafungia mvuke ndani na joto linapita nyuzi 110. Usiifungue kabla haijamaliza kupumua. Basi.

Ila kongoro halihitaji hata huo mchemko mkali. Kinacholifanya gumu ni kolajeni, zile nyuzinyuzi nyeupe ngumu, nayo huanza kulainika taratibu kuanzia nyuzi 70 hivi na kuwa ule ute unaonatisha midomo. Inachotaka ni muda, mfuniko uliokaa sawasawa, na maji yanayotokota kwa uvivu. Mkia na kifua ni vilevile. Sarara ni habari nyingine: kolajeni yake ni kidogo, kwa hiyo ukiichemsha kwa muda wa saa tatu inajikamua maji yake yote na wewe unabaki kutafuna kamba. Halafu mtu ananunua mchanganyiko buchani, anatia vyote sufuria moja, muda mmoja, anakuja kuniambia nyama ilikuwa ya ng'ombe mzee. Mama, vile vipande laini ungevitoa mapema, ukavirudisha wakati wa kuunga!

Chumvi tuseme ukweli: kuna mwaka nilikuwa natia mwanzoni, mwaka mwingine mwishoni, na kila mara niliapa kwamba njia ile ndiyo yenyewe. Siku hizi natia nusu nusu, na sina hoja ya maana ya kujitetea.

Tangawizi ndiyo ina hoja. Mbichi, iliyotwangwa, ukiipaka kwenye nyama ya kuchoma nusu saa kabla, ina kimeng'enya kinachokatakata protini, kama papai bichi, ingawa papai likizidi nyama inakuwa uji kwa juu. Sasa wifi, wakati tunasubiri, katwanga tangawizi, kaitia kwenye maziwa ya vuguvugu ili atengeneze chai. Yakakatika. Akamlaumu muuza maziwa wangu wa Uyole, kwamba katuletea ya jana. Kumbe ni kimeng'enya kilekile: kwenye nyama kinalainisha, kwenye maziwa kinagandisha. Chemsha tangawizi na maji kwanza, yachemke hasa kwa dakika tano, kimeng'enya kinakufa, ndipo utie majani na maziwa. Tulirudia hivyo, na kwa maziwa yaleyale. Hayakukatika.

Kongoro liliiva saa nane, kwa moto mdogo, baada ya mimi kuutoa ule mkaa. Wifi kanywa mabakuli mawili ya supu, na hadi naandika hapa anasema ni mkaa wake ndio ulioivisha.