Benki Kuu ikipandisha riba, Hazina hulipa: sera ya fedha na sera ya bajeti
Tarehe 26 Juni 2023, mambo mawili yalifanyika Nairobi. Kamati ya sera ya fedha ya Benki Kuu ya Kenya ilikutana nje ya ratiba yake, ikapandisha riba ya msingi, ile inayoongoza riba za mabenki, kutoka asilimia 9.5 hadi 10.5 ili kutuliza bei. Siku hiyo hiyo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Fedha iliyopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai ilipoingia, lita ya petroli jijini ilikuwa Sh195.53, zaidi ya shilingi 13 juu ya bei ya jana yake. Huku maji, kule kuni, na moto ni mmoja.

Uamuzi wa kwanza ni sera ya fedha: bei ya kukopa na wingi wa pesa mzungukoni, kazi ya Benki Kuu. Wa pili ni sera ya bajeti: kodi, matumizi na mikopo ya serikali, kazi ya Hazina, yaani wizara ya fedha, na Bunge. (Jina "Sheria ya Fedha" lisikuchanganye. Hiyo ni sheria ya kodi.)

Zinakutana wapi? Kwenye deni, kwa sababu hakuna mkopaji mkubwa nchini kuliko serikali yenyewe. Riba ya msingi ilizidi kupanda, ikafika asilimia 13 Februari 2024. Mwezi huo Hazina iliuza hatifungani (hati ya kuikopesha serikali) ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Sasa kaa kwenye kiti cha meneja wa benki. Mbele yako yuko mama mwenye mashine ya kusaga unga, mota imeungua, anataka mkopo. Pembeni iko serikali, inayokupa asilimia 18.46 bila kodi na bila wewe kumkimbiza mtu kila mwisho wa mwezi. Mama huyo akibahatika kupata, atakopa ghali kuliko serikali. Na riba ya hatifungani hiyo italipwa kutoka kwenye bajeti, yaani kwa kodi au kwa deni jingine.

Si hasara tupu, lakini. Mwezi huo huo Kenya ilinunua tena, kabla ya muda, sehemu kubwa ya Eurobond, hatifungani yake ya dola iliyouzwa nje, iliyokuwa iive Juni, hofu ya kushindwa kulipa ikapungua, na dola za wageni zikafuata ile riba. Shilingi, iliyokuwa karibu 160 kwa dola, ilirudi kwenye 130 na ushei kufikia mwisho wa Machi. Bidhaa za nje zikapata nafuu, mfumuko wa bei ukashuka, na Agosti Benki Kuu ikaanza kupunguza riba. Kwa maoni yangu, kulipwa kwa deni kuliisaidia shilingi kuliko vikao kadhaa vya kamati.

Kibaya zaidi ni Hazina kuigeuza Benki Kuu mfuko wake. Pesa zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992 zilichangia mfumuko wa bei uliopita asilimia 40 mwaka uliofuata. Leo sheria inairuhusu serikali kukopa moja kwa moja kutoka Benki Kuu, ila isizidi asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa.