Nazi Haishuki kwa Mwendo Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Mvutano wa Dunia Katika Uhuishaji

Mtu aliyekulia Lamu ameziona nazi zikianguka tangu utotoni, na kwa hiyo jicho lake huitambua mara moja nazi ya kuchorwa inayoshuka kwa uongo, hata kama hawezi kueleza kasoro iko wapi. Mara nyingi kasoro hutokana na dhana kwamba yatosha kuweka fremu ya kwanza (fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda uhuishaji) nazi ikiwa mnazini na fremu ya mwisho ikiwa chini, kisha programu ya kompyuta ijaze zilizobaki. Programu isipoelekezwa vingine, aghalabu huugawa umbali huo sawasawa, nazi ikashuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Ukweli ni kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, nazi iliyo juu mita 10 hushuka takriban sentimita 20 tu katika fremu 5 za mwanzo. Ikitimia sekunde moja imeshuka mita 4.9, na nusu iliyobaki huimaliza kwa fremu 11 hivi.

Wapo wanaolijua hilo, lakini wakadhani kwamba 9.8 ndiyo namba ya kuandika katika kila programu. Nami niliwahi kuingia mtego huo, nikaimaliza jioni nzima nikiilaumu kompyuta. Programu inayopima kwa pikseli, yaani vinukta vidogo vinavyounda picha kwenye skrini, haijui mita ni nini mpaka mchoraji aamue. Ikiwa mnazi wa mita 10 umechorwa kwa pikseli 1000, mita moja ni pikseli 100, na mvutano unaofaa ni pikseli 980 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukiacha 9.8, nazi itachukua zaidi ya sekunde 14 kufika mchangani, badala ya sekunde 1.4 hivi.

Dhana ya kwamba kizito huanguka haraka kuliko chepesi haihitaji maneno mengi. Kuti huchelewa kwa sababu ya upinzani wa hewa, si kwa sababu dunia inalivuta kwa uvivu. Mwaka 1971, juu ya Mwezi usio na hewa, mwanaanga David Scott aliachilia nyundo na unyoya, vikatua pamoja.

Iliyo ngumu zaidi kung'oka ni dhana kwamba mvutano hukoma kitu kikifika kileleni. Kijana anayejirusha baharini kutoka gatini huvutwa chini muda wote: mwendo wake wa kwenda mbele haubadiliki sana, ilhali ule wa kwenda juu hupungua, hufika sufuri kwa nukta moja, kisha hugeuka. Mchoraji akiongeza hapo fremu za kutulia, kijana huonekana ametundikwa hewani kwa uzi.