Kilomita tisa nzuri zilizoishia mtoni

Barabara ya kwanza kuisimamia peke yangu kusini mwa Tanzania ilikuwa ya kilomita tisa. Tuliichonga, tukamwaga changarawe, tukashindilia, tukaipa mgongo wa kumwaga maji pembeni na mitaro pande zote mbili. Siku ya makabidhiano tuliipita kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mkuu wa msafara akasinzia garini, jambo ambalo kwa mjenzi wa barabara ni sifa kuliko cheti. Fedha hazikutosha kugusa bonde la mto lililokuwa kilomita ya kumi. Niliandika kwenye taarifa kwamba litaingia bajeti ijayo.

Desemba mvua zikaanza. Bonde likajaa, na kwa wiki saba hakuna gari lililofika kijiji cha mwisho. Changarawe yangu ilibaki safi, imenyooka, wanaipita mbuzi. Nilipokwenda kukagua, bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mtama barazani akaniita: "Injinia, sisi tuliomba daraja. Hii nyingine aliomba nani?"

Aliyeiomba ni jedwali la kompyuta. Barabara zilikuwa zimepangwa kwa idadi ya magari, gharama ya kila kilomita, na lengo la mwaka la kilomita ngapi zikamilike. Bonde lile lingemeza fedha nyingi na kuzaa kilomita sifuri. Kwenye taarifa ya robo mwaka, "kilomita 9 zimejengwa" inasomeka vizuri. "Bonde moja sasa linavukika" haina hata safu ya kuiandika. Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi na safu hizo, na makala hii ni sehemu ya ugomvi huo.

Lindi ni mahali pazuri pa kuliona tatizo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 kwenye mkoa wenye zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Gawanya: hawafiki watu 20 kwa kilomita moja ya mraba, tena hawakujipanga sawasawa kama miche ya mpunga. Wamekaa kwa mafungu, kijiji hapa, pori refu, kijiji kingine kule. Liwale, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni hifadhi ya wanyamapori, unaweza kwenda mwendo mrefu usione paa. Weka vijana wawili wahesabu magari kwa siku saba kwenye barabara ya huko, watakurudishia bodaboda nyingi, baiskeli, Noah mbili za abiria na fuso moja iliyobeba saruji.

Ukiziingiza takwimu hizo kwenye modeli za uchumi, zinakupa jibu la aibu. Nyingi hupima faida kwa mafuta, matairi na muda ambao wenye magari wataokoa. Hata modeli ya RED ya Benki ya Dunia, iliyotengenezwa makusudi kwa barabara zisizo na magari mengi, inalenga barabara zenye magari kati ya 50 na 200 kwa siku. Chini ya hapo faida inayeyuka kwenye karatasi. Halafu kuna kichekesho chenyewe: barabara haina magari kwa sababu haipitiki, na haitengenezwi kwa sababu haina magari. Ukihesabu wakati wa masika utapata sifuri, na sifuri hiyo itatumika kama ushahidi kwamba hapahitajiki kitu.

Fedha zenyewe zinatoka wapi? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi Julai 2017 na kuzichukua kutoka kwenye halmashauri. TARURA ina mtandao unaozidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo mtupu. Matengenezo yanalipwa hasa na Mfuko wa Barabara, na mfuko huo unajazwa na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, 30 kwa za wilaya. Mwaka wa fedha 2021/22 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na hapo ndipo mameneja wengi wa wilaya walipoanza kuwa na bajeti ya kufanyia kazi.

Tozo hii naipenda kwa sababu ambayo wengi huilalamikia. Dereva anayejaza lita 40 Ubungo anaacha shilingi 4,000 za nyongeza ile pekee, na sehemu yake inakwenda kurekebisha bonde ambalo hatalikanyaga maisha yake yote. Anaweza kuuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba barabara yenye fuso moja kwa siku haitajilipia kamwe, popote duniani, na korosho inayoipa nchi yake fedha za kigeni inaanzia safari yake kwenye bonde hilohilo. Lakini mfuko huu ni wa matengenezo kwanza. Kupandisha hadhi ya barabara, kutoka udongo kwenda changarawe au changarawe kwenda lami, kwa kawaida kunasubiri fedha za maendeleo au mkopo. Mradi wa RISE, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 300 mwaka 2021, ulichagua wilaya chache, Ruangwa ikiwamo. Mradi wa namna hiyo unafanya kazi nzuri pale unapofika. Jirani ambaye hakuchaguliwa anabaki na fedha zake za matengenezo, na hizo ndizo nataka tuzijadili, maana ndizo za uhakika.

Tuanze na changarawe. Wananchi wanaipenda, madiwani wanaipenda, nami niliwahi kuipenda. Barabara ya upana wa mita sita, changarawe yenye kina cha milimita 150 baada ya kushindiliwa, inataka mita za ujazo 900 kwa kilomita. Kila mwaka sehemu ya juu inapeperuka kwa vumbi kiangazi na kusombwa masika. Tuseme inapotea milimita 20 kwa mwaka, kiasi cha kawaida kabisa. Hizo ni mita za ujazo 120 kwa kila kilomita. Wilaya yenye kilomita 100 za changarawe inapoteza mita za ujazo 12,000 kila mwaka, yaani tripu 1,200 za lori la mita za ujazo kumi, ili tu ibaki pale ilipokuwa mwaka jana. Mwaka wa tano theluthi mbili ya kazi yako imeshaenda mashambani mwa watu. Machimbo ya karibu yakiisha, lori linafuata kifusi kilomita 30, 40, na bei inapanda ingawa barabara ni ileile. Wilaya yenye watu wachache ikijitwisha changarawe nyingi imejifunga deni lisiloandikwa popote.

Kwa hiyo napanga kinyume. Kwenye vitabu vya bajeti kuna kundi linaloitwa matengenezo ya sehemu korofi. Watu hulichukulia kama kiraka cha maskini, cha kutumia fedha zisipotosha. Kwangu mimi, kwenye mkoa kama Lindi, ndiyo iwe kazi kuu. Barabara ya kilomita 40 inayofunga masika kwa kawaida haifungi kote. Inafunga sehemu nne au tano: bonde la mto, kipande cha udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali wa ulezi, kilima kinachoteleza, na mahali ambapo kalavati lilisahaulika. Kilomita zilizobaki ni mchanga mgumu au kokoto za asili ambazo greda na mtaro mzuri zinazitosha.

Kuzijua hizo sehemu hakuhitaji maabara ya mbali. Tunatembea na chombo kinachoitwa DCP, fimbo ya chuma yenye ncha na nyundo ya kilo 8 inayodondoshwa kutoka kimo cha milimita 575. Unahesabu fimbo imezama kiasi gani kwa kila pigo, na baada ya siku chache unajua wapi udongo unabeba gari na wapi unajidanganya. Kisha unauliza. Dereva wa fuso atakuonyesha alipolala siku mbili. Muuguzi wa zahanati atakuonyesha mahali mama mjamzito aliposhushwa kwenye pikipiki akavushwa kwa kubebwa. Kipimo na simulizi zao hukutana karibu kila mara, na visipokutana narudi kupima upya, maana mara nyingi mimi ndiye niliyekosea.

Baada ya hapo fedha zinakwenda kwenye kero yenyewe. Bondeni unajenga drifti ya zege, ambayo maji ya mafuriko yanapita juu yake kwa saa chache na asubuhi magari yanavuka. Udongo wa mbuga unauinulia tuta na kuutolea maji, na usijaribu kuushindilia ukadhani umeushinda. Kilima unakitia zege njia mbili za matairi au lami nyepesi, mita 300 au 400 tu. Mwongozo wa barabara zenye magari machache uliotolewa na wizara ya ujenzi mwaka 2016 unaruhusu haya yote. Unakubali kabisa kwamba barabara moja iwe na udongo, changarawe, zege na lami kwa kadiri ardhi inavyodai. Kwenye mito midogo, pale penye mawe, madaraja ya mawe ya upinde ambayo TARURA iliyajenga kwa wingi Kigoma yanaokoa nondo na saruji. Na fundi mwashi wa kijijini anaweza kuyakarabati, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya daraja la chuma.

Adui mwingine ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Ukisubiri Julai ndipo uandae michoro na kutangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, mkataba utasainiwa Oktoba, mkandarasi atafika na greda Novemba, na mvua itampokea. Nimeona changarawe ikimwagwa juu ya tope ili fedha zisirudi. Sasa napima na kuchora masika, wakati barabara yenyewe inasema ukweli, na kufikia Mei nyaraka za zabuni ziwe tayari zinasubiri bajeti ipite. Kusini tuna miezi mitano tu ya kufanya kazi ya udongo kwa amani.

Kalenda hiyohiyo inamgusa mkulima. Korosho huvunwa miezi ya mwisho ya mwaka, na mizigo ya mwisho inatoka vijijini mvua zikiwa zimeshaanza. Usafiri kutoka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hadi ghala kuu unakatwa kwenye malipo yake. Fuso ikikwama, hakuna anayemtumia ankara ya bonde. Anaiona imejificha ndani ya makato. Gharama hiyo haimo kwenye hesabu ya magari, kwa hiyo kwenye jedwali haipo.

Na tusidhani ni kero ya barabara ndogo pekee. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Lami haikusaidia kitu, maana kilichokatika ni pale maji yanapopita. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Masasi na Songea. Kwa siku kadhaa mkoa mzima ulikuwa kijiji cha mwisho.

Basi tuhesabu nini badala ya magari? Nahesabu siku. Barabara hii ilifungwa siku ngapi mwaka jana, watu wangapi walikuwa upande wa pili, na sehemu gani ikirekebishwa siku hizo zinapungua? Kipimo cha kimataifa kinachouliza ni asilimia ngapi ya watu wa vijijini wanaishi ndani ya kilomita mbili za barabara inayopitika mwaka mzima kinakaribia hapo, ila kwa kijiji kilicho kilomita 30 porini kinasema tu "hapana" na kunyamaza. Siku zinatofautisha kati ya kijiji kinachofungwa wiki moja na kinachofungwa miezi mitatu. Zikigawanywa kwa gharama, drifti za mabonde ya mbali zinapanda juu ya orodha kwa namna inayowashangaza hata wahasibu.

Drifti ya kilomita ya kumi ilijengwa miaka miwili baadaye. Haikufika robo ya bei ya kilomita zangu tisa, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuonyesha mawe. Vikundi vya akina mama wa kijiji ndivyo vinavyozibua mitaro yake kila Oktoba, kwa mkataba mdogo.

Wiki hii nagawa madaftari. Kila mwenyekiti wa kijiji anapata moja, na mstari mmoja kwa siku kuanzia Novemba: gari limepita au halijapita, na kama halijapita, limekwama wapi. Mwenyekiti mmoja aliuliza kama bodaboda inahesabika. Nimemwambia aweke safu yake.