Timu ya Kwao: Maana ya Ushabiki wa Maisha katika Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Ushabiki wa maisha kwa timu ya chuo ni hali ya mtu kuishabikia timu ya futiboli ya chuo kikuu cha kwao tangu utotoni hadi uzeeni, ishinde au ifungwe, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kuwahi kusoma katika chuo hicho. Hilo la mwisho ndilo huwashangaza wageni. Fundi bomba, mwenye duka, mkulima ambaye hakukanyaga darasa la chuo hata siku moja, wote husema "timu yetu", na hakuna anayewadai vyeti.

Kwa Kiswahili cha vijiweni mtu huyu ni mnazi, au shabiki lialia. Kinyume chake ni shabiki maandazi, anayeonekana timu ikinusa kombe tu. Lakini unazi wa Simba na Yanga umesambaa nchi nzima: mtoto wa Mbeya au Mwanza huchagua upande bila kujali kwamba klabu zote mbili ni za Kariakoo. Futiboli ya vyuo haiko hivyo. Huko ushabiki hufuata ardhi, na ukitaja ulikozaliwa umeshataja timu yako.

Futiboli inayozungumzwa hapa ni ile ya Kimarekani, ya mpira uliochongoka ncha mbili. Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91, bila kuhesabu maeneo ya kufungia yenye yadi 10 kila upande. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa hupata majaribio mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la kufungia kunaleta pointi 6, na baada ya hapo timu huchagua: kupiga teke la pointi 1 ambalo kwa kawaida haliwashindi, au kujaribu kuingia tena kwa pointi 2. Uchaguzi huo mdogo utarudi baadaye.

Kwa nini mapenzi haya yameshika kwenye vyuo? Kwa sababu timu ya kulipwa ya Marekani ina mwenyewe, na mwenyewe akitaka huhama nayo. Machi 1984 timu ya kulipwa ya Colts walipakia vitu vyao kwenye malori usiku, wakaondoka Baltimore kwenda Indianapolis. Waliolala wakiwa na timu waliamka hawana. Chuo kikuu cha jimbo hakifanyi hivyo. Kimeanzishwa kwa sheria ya jimbo, kina mashamba ya majaribio, maktaba na hospitali, wala hakuna tajiri anayeweza kukinunua na kukihamisha. Wachezaji hupita, kwa kawaida kila mmoja hucheza misimu minne, na makocha hufukuzwa. Kinachobaki ni jina, rangi na mahali. Shabiki wa maisha hujifunga kwenye hivyo vitatu, ndiyo maana mapenzi yake huwa marefu kuliko maisha ya mchezaji yeyote uwanjani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Nebraska, jimbo la mahindi na ng'ombe katikati ya nchi, lenye watu kama milioni 2 tu. Halina timu ya futiboli ya kulipwa. Lina Chuo Kikuu cha Nebraska katika mji wa Lincoln, kilichoanzishwa mwaka 1869, na timu yake, Cornhuskers, maana yake wamenya mahindi. Uwanja wao, Memorial Stadium, ulifunguliwa mwaka 1923 na leo unachukua zaidi ya watu 80,000. Mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo hilo, Bellevue, una watu kama 64,000. Kwa hiyo siku ya mechi nyumbani, mji wa tatu kwa ukubwa Nebraska ni uwanja wa mpira.

Tangu Novemba 3, 1962 tiketi za mechi zote za nyumbani zimekuwa zikiuzwa zikaisha, na mfululizo huo umeshavuka mechi 400. Siku ulipoanza, Nebraska walifungwa na Missouri, 16 kwa 7. Hiyo ni kumbukumbu nzuri kwa anayedhani majukwaa hujazwa na ushindi peke yake. Kwa haki, yapo ya kueleza pia: msimu wa 2020 mashabiki hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya korona, na mechi hizo hazihesabiwi; na katika miaka ya matokeo mabaya kuna tiketi zilizobaki zikanunuliwa na wafadhili ili mfululizo usikatike. Wapo wanaosema huko ni kudanganya hesabu. Hoja yao ina uzito, lakini watu kutoa fedha mfukoni ili timu iliyofungwa mechi tisa isikose watazamaji ni ushabiki vilevile, tena wa gharama.

Jambo jingine lililofunga jimbo na timu ni wachezaji wasio na ufadhili. Hadi hivi karibuni chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85. Nebraska, chini ya makocha Bob Devaney na Tom Osborne, walijaza vijana wengine wa vijiji vya jimbo hilo waliojilipia masomo wenyewe na kufanya mazoezi sawa na wenzao, wakisubiri nafasi. Kijiji cha watu 400 kikiwa na kijana mmoja katika kikosi, hata kama huingia dakika mbili za mwisho, kijiji kizima kina sababu ya kusikiliza redio. Oktoba ni mavuno ya mahindi, na mkulima aliye juu ya mashine huvuna huku mechi ikitangazwa sikioni mwake.

Ushabiki huu haurithishwi kwa maneno. Hurithishwa kwa ratiba. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, na kati ya hizo kama 7 ni za nyumbani. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania hucheza mechi 30 za ligi kwa msimu. Mtu aliyekwenda uwanjani bila kukosa kwa miaka 50 amehudhuria mechi 350 hivi, basi. Uchache huo ndio unaozipa uzito. Harusi haipangwi Jumamosi ya mechi ya nyumbani, na anayeipanga ataona viti vitupu.

Jumamosi yenyewe ina utaratibu wake. Saa tatu au nne kabla ya mechi familia hufika maeneo ya kuegesha magari, hufungua mlango wa nyuma wa gari, huweka jiko la mkaa au la gesi, viti vya kukunja na chakula cha kutosha watu wa magari mawili ya jirani. Nebraska chakula cha siku hiyo ni runza, mkate uliofungwa wenye nyama ya ng'ombe ya kusaga, kabichi na vitunguu ndani yake, mapishi yaliyoletwa na wahamiaji wa Kijerumani waliotokea Urusi. Kosa la wageni ni kuchelewa kuzima mkaa: uzimwe kwa maji angalau nusu saa kabla ya kuondoka, kwa sababu jivu la moto likimwagwa kwenye nyasi kavu za vuli huwasha moto. Kosa jingine ni begi. Viwanja vingi huruhusu mfuko unaoonyesha ndani tu, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, na mwenye begi la kawaida hurudishwa kwenye gari huku mechi ikianza.

Ndani ya uwanja kuna kanuni moja ambayo mtu aliyelelewa kwa Mkapa au Kasarani lazima ajifunze upya. Kwetu tunashangilia mwanzo mwisho, ngoma hazilali. Huko, timu yenu ikiwa na mpira, mnanyamaza. Kabla ya kila mchezo kwotabeki, yule mpanga mashambulizi na mpiga pasi, huwapigia wenzake kelele za maelekezo, na wote hutakiwa kusubiri ishara yake. Mchezaji wa mstari wa mbele asiposikia akajitikisa mapema, timu huadhibiwa yadi 5. Kwa hiyo watu 80,000 hushusha sauti hadi unasikia karatasi za karanga. Mpira ukiwa wa wapinzani, hasa kwenye jaribio la tatu, ndipo uwanja mzima husimama na kupiga kelele bila huruma. Anayeshangilia wakati usio wake kila mtu humjua kuwa ni mgeni, ingawa kwa kawaida jirani mzee humgusa bega na kumweleza taratibu.

Zamani Nebraska wakipata pointi zao za kwanza, maelfu ya maputo mekundu yaliachiwa angani. Desturi hiyo ilisimamishwa mwaka 2022, kwa kuwa gesi ya heliamu ilikuwa adimu na ilihitajika hospitalini. Waliolalamika walikuwepo, na walikuwa na haki ya kusikitika; lakini sababu ilikuwa nzito kuliko maputo.

Upande wa fedha haukwepeki. Katika vyuo vingi, haki ya kununua tiketi za msimu kwenye viti vizuri huambatana na mchango wa kila mwaka kwa mfuko wa michezo, juu ya bei ya tiketi. Hadi mwisho wa 2017 asilimia 80 ya mchango huo iliweza kupunguzwa kwenye kodi ya mapato. Kuanzia 2018 nafuu hiyo imeondolewa kabisa. Familia za kipato cha kati ziliumia. Anayetaka kuanza bila kufilisika anunue tiketi ya mechi moja dhidi ya mpinzani mdogo mwezi Septemba, hali ya hewa ikiwa nzuri na bei ikiwa chini, kabla ya kufikiria tiketi za msimu.

Kipimo cha ushabiki wa maisha ni namna mtu anavyobeba kipigo. Nebraska wana mataji matano ya taifa: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Hata hivyo mechi ambayo wazazi huwasimulia watoto ni waliyofungwa. Januari 2, 1984, katika Orange Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu inayochezwa mjini Miami, Nebraska wasiofungwa msimu mzima walipunguza pengo hadi 31 kwa 30 dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha Miami zikiwa zimebaki sekunde 48. Teke la pointi 1 lingeleta sare, na sare ingetosha kwa wengi wa wapiga kura, maana siku hizo taji lilitolewa kwa kura, kuwapa ubingwa. Osborne alikataa kutwaa ubingwa kwa sare. Akachagua pointi 2, pasi ikaguswa na beki wa Miami, mpira ukaanguka chini. Taji likapotea, na heshima yake nyumbani ikapanda. Alisubiri miaka mingine kumi na moja kupata taji lake la kwanza kama kocha mkuu, na baada ya kustaafu wananchi walimchagua kwenda Bunge la Marekani.

Kisha kuna kipigo kisicho na utukufu. Kuanzia 2017 hadi 2023 Nebraska walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda kila msimu, miaka saba mfululizo. Kocha Scott Frost, mtoto wa jimbo hilohilo na kwotabeki wa kikosi cha ubingwa wa 1997, alirudi kuokoa timu, akafukuzwa Septemba 2022. Mwaka 2021 walipoteza mechi tisa, na hakuna hata moja waliyofungwa kwa tofauti inayozidi pointi 9. Miaka kama hiyo ndiyo humtenga mnazi na maandazi. Aliyebaki hakubaki kwa matumaini. Alibaki kwa sababu Jumamosi ilifika, na Jumamosi kuna mechi.

Penye mapenzi makubwa pana uharibifu wake. Unaoumiza zaidi ni shabiki kuwageukia wachezaji, wengi wao vijana wa miaka 18 hadi 22, na kuwatukana mitandaoni baada ya kosa moja. Kamari za simu zimeongeza ukali huo, kwa kuwa anayetukana huwa amepoteza pesa. Nebraska wana desturi njema ya kinyume chake: kuipigia makofi timu ngeni iliyowashinda. Timu ya chuo cha Florida State waliposhinda mjini Lincoln mwaka 1980, kocha wao Bobby Bowden aliwaandikia mashabiki wa Nebraska barua ya shukrani.

Mabadiliko mengine hayako mikononi mwa shabiki. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vinawalipa moja kwa moja. Hilo ni haki yao, walizalisha mabilioni kwa muda mrefu. Lakini uhamisho sasa ni rahisi, na kijana anaweza kuvaa jezi tatu ndani ya miaka minne. Mwaka huohuo wa 2025 kikosi kiliwekewa kikomo cha wachezaji 105, na wanaobanwa zaidi ni wale wa vijijini wanaojilipia masomo. Kwa Nebraska pigo hilo linagusa mzizi wenyewe.

Anayetaka kufuatilia kutoka Afrika Mashariki ajue kwamba saa ya mechi hupangwa na televisheni, na nyingine hutangazwa siku 12 au hata 6 tu kabla. Mechi ya saa tano asubuhi Lincoln ni saa moja usiku kwetu, wakati mzuri kabisa. Ya saa nane unusu mchana ni saa nne unusu usiku. Ya saa kumi na mbili unusu jioni ni saa nane unusu, usiku wa kuamkia Jumapili, na mechi huchukua zaidi ya saa tatu. Mwanzoni mwa Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, kwa hiyo ongeza saa moja kwa mechi zote zilizobaki.