Kelele za viwanja vya futiboli ya vyuo Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Beaver Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Penn State, unaingiza zaidi ya watu 100,000. Mji wenyewe wa State College una wakazi wapatao 40,000 tu. Viwanja vya ukubwa huo viko kadhaa Marekani, karibu vyote ni vya vyuo, na Jumamosi za Septemba hadi Novemba hujaa hadi safu ya juu. Hii ni futiboli ya helmeti na mabega yaliyovalishwa kinga, si kandanda tuliyoizoea, na wengi wetu tunaijua kupitia vipande vya video: umati umesimama, ardhi inatikisika, mtangazaji anapiga ukelele kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Mimi napenda sana upande huu wa mchezo, na ndiyo maana naumia ninapoona kelele zikielezwa kana kwamba ni suala la vichwa vingi na mapenzi makubwa. Vichwa na mapenzi vipo. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na jengo, na sehemu nyingine hufanywa na wakati ambao kelele inapigwa.

"Uwanja wenye watu wengi ndio wenye kelele nyingi"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Michigan Stadium, mjini Ann Arbor, ndio mkubwa kuliko wote Marekani: ulifunguliwa mwaka 1927 na una nafasi 107,601. Hata hivyo kwa miongo mingi ulisifika kwa upole. Wageni walikuja wakitarajia ngurumo, wakakuta mvumo tu. Autzen Stadium wa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, una nafasi 54,000, yaani nusu tu, na timu ngeni huuogopa. Mwaka 2007, Oregon walipowakaribisha USC, timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, kipimo cha pale kilisoma desibeli 127.2.

Anza na hesabu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ukiongeza watu mara mbili, wote wakipiga kelele kwa nguvu ileile, unapata desibeli 3 za ziada, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, na hizo ni watu mara kumi. Kwa hiyo ile tofauti yote kati ya Ann Arbor na Eugene, watu zaidi ya 53,000, ina thamani ya desibeli 3. Jengo likikosewa kidogo tu, zimeliwa.

Na Michigan jengo lilikuwa limekaa vibaya kwa kazi hiyo. Ni bakuli lililochimbwa ardhini, safu zikipanda polepole kwa mteremko mpole. Aliyekaa juu yuko mbali na nyasi, na mbele ya kinywa chake hakuna ukuta wala paa. Sauti yake inapaa angani na haina wa kuirudisha. Autzen nao umezama ardhini, lakini viti vyake vya mbele viko karibu sana na mstari wa pembeni. Kwa chanzo kimoja cha sauti mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu unapata desibeli 6, na hizo ni sawa na kuzidisha watu mara nne. Umati mkubwa haufuati kanuni hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu umetanda pande zote, lakini mwelekeo ni huohuo.

Mwaka 2010 Michigan walimaliza ukarabati wa dola milioni 226. Walijenga majengo marefu ya vyumba vya kifahari na viti vya klabu upande wa mashariki na wa magharibi. Naamini fedha za vyumba hivyo ndizo zilizosukuma mradi, lakini kuta mbili ndefu za zege na vioo zilipata kazi ya pili: sauti iliyokuwa ikitoroka ikaanza kurudi uwanjani. Idadi ya watu haikubadilika kiasi cha kutajwa. Uwanja uliokuwa mpole ukapata sauti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko yote. Fargodome, wanakocheza North Dakota State, una nafasi za watu karibu 19,000 tu. Lakini una paa lililofunika kila kitu. Timu zilizokwenda Fargo kwa mechi za mtoano zilifanya mazoezi wiki nzima huku spika zikinguruma, kwa kuwa zilijua kinachozisubiri mle ndani.

"Viti vikiwa karibu na uwanja, basi yatosha"

Ukaribu unasaidia, lakini Husky Stadium wa Seattle unatukumbusha kuwa hautoshi kueleza kila kitu. Uwanja huu wa Chuo Kikuu cha Washington, kando ya Ziwa Washington, ulikuwa na njia ya riadha kuuzunguka hadi ukarabati uliokamilika mwaka 2013. Kwa hiyo mwaka 1992, Washington walipocheza usiku na Nebraska, watazamaji walitenganishwa na wachezaji na njia ile. Pamoja na hayo, kituo cha ESPN kilipima desibeli 133.6.

Siri iko juu. Majukwaa ya pande mbili yana mapaa makubwa ya chuma yaliyochomoza mbele, yanayofunika sehemu kubwa ya viti. Sauti ya mashabiki inagonga chuma na kuteremka kwenye nyasi. Inayovuka inakutana na paa la upande wa pili na kurudishwa tena. Nguo na miili ya watu hunyonya sauti, chuma na zege huirudisha. Chuo cha Texas A&M walipoujenga upya uwanja wao wa Kyle Field na kuumaliza mwaka 2015, waliweka mapaa ya namna hiyo juu ya majukwaa na kuishusha sakafu ya uwanja. Nafasi zake ni 102,733, kwa hiyo pale wana vyote viwili: vichwa na kifuniko.

"Mashabiki hupiga kelele ili kuisukuma timu yao mbele"

Hapa ndipo aliyelelewa na kandanda hupotea. Kwenye kandanda timu yako ikishambulia, uwanja unalipuka. Kwenye futiboli ya Marekani timu yako ikiwa na mpira, mashabiki hukaa kimya, na wazoefu huwanyamazisha kwa mkono wasioujua mchezo. Kelele huachiliwa timu ngeni inaposhambulia. Andrew Barnard, mtaalamu wa sauti aliyepima umati wa Beaver Stadium, alikuta desibeli zipatazo 75 wakati Penn State wana mpira, na zikapanda hadi 110 wakati mpira uko kwa wageni. Umati ni uleule na viti ni vilevile. Tofauti ya desibeli 35 inatoka kwenye uamuzi wa watu wa lini wapige na lini wanyamaze.

Tazama kinachotokea pale mbele. Kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, ndiye anayetoa hesabu ya sauti inayowaambia wenzake kumi lini mpira utaondoka. Walinzi wake, watu wa kilo 140, wameinama mkono mmoja chini. Wakiisikia hesabu, wanainuka sekunde ileile mpira unapotoka mikononi mwa senta, yule wa katikati ya safu anayeutoa mpira nyuma. Wapinzani wao hawaijui hesabu; lazima wauone mpira ukisogea ndipo waondoke. Nusu hatua hiyo ndiyo mtaji wote wa upande unaoshambulia.

Kelele zikifunika hesabu, mtaji unapotea. Timu ngeni inahamia kwenye ishara za kimya: kwotabeki anainua mguu, mlinzi aliye kando ya senta anageuza shingo kumtazama, kisha anamgusa senta pajani, na senta anahesabu moyoni kabla ya kuutoa mpira. Yule wa pembeni kabisa ya safu hasikii chochote na haoni ishara vizuri. Anaukodolea mpira macho, kama anavyofanya mpinzani wake, na sasa wako sawa. Mara nyingi anachelewa. Mara nyingine hofu ya kuchelewa inamfanya ashtuke mapema, filimbi inalia, timu inarudishwa yadi 5, karibu mita nne na nusu. Watazamaji huona kosa hilo la yadi 5 wakashangilia. Kuchelewa hakuandikwi popote, lakini ndiko kunakomwangusha kwotabeki.

"Siku hizi kuna redio ndani ya helmeti, kelele hazina kazi tena"

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu redio hizo kwa daraja la juu kuanzia msimu wa 2024. Ruhusa yenyewe ni finyu. Kila timu ina mchezaji mmoja tu uwanjani mwenye redio, na helmeti yake ina alama ya kijani. Anamsikia kocha, basi. Mawasiliano hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha mchezo inapobakiza sekunde 15, au mpira unapotolewa, lolote litangulie. Baada ya hapo kwotabeki bado ana wenzake kumi wasio na redio, na bado anatakiwa kuwaambia mpango umebadilika. Redio imepunguza yale mabango ya picha na ishara za mikono za makocha kutoka pembeni. Haijagusa hesabu ya kuanzisha mchezo, ambayo ndiyo kelele zinaiwinda.

"Sauti ya mashabiki wa LSU ilisababisha tetemeko"

Tarehe 8 Oktoba 1988, Baton Rouge, LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) walikuwa nyuma 6-0 dhidi ya Auburn. Mechi ikikaribia kwisha, kwenye jaribio lao la nne na la mwisho, Tommy Hodson alimrushia Eddie Fuller pasi ya kufunga, na LSU wakashinda 7-6. Mtambo wa kupima mitetemo ya ardhi katika jengo la jiolojia la chuo ulichora alama wakati uleule. Hilo ni kweli, na mechi ile imebaki na jina la tetemeko hadi leo.

Lakini sauti haikuwa na uwezo huo. Mawimbi ya sauti yanaposafiri hewani na kukutana na ardhi, karibu nishati yote hurudishwa hewani; kinachopenya ni kidogo mno. Kilichouamsha mtambo ni miguu: watu karibu 80,000 waliruka na kutua kwa pamoja, uzito wao ukapita kwenye nguzo za majukwaa hadi chini. Naona ukweli huu ni mtamu kuliko hekaya yenyewe, na sielewi kwa nini usimuliwe nusu.

"Rekodi za desibeli zinaonyesha nani mshindi"

Watu hupanga 127.2 ya Oregon, 133.6 ya Washington na 142.2 iliyopimwa mwaka 2014 kwenye Arrowhead ya Kansas City, uwanja wa timu ya kulipwa, kisha wanatangaza bingwa. Namba hizo hazikupimwa kwa kifaa kimoja wala mahali pamoja. Kipimo kikishikwa mita chache kutoka kwa mashabiki wanaojua wanapimwa, kitasoma juu. Kikiwekwa katikati ya nyasi, mchezaji alipo, kitashuka. Tena hizo ni kilele cha sekunde moja, wakati kinachomsumbua kwotabeki ni kelele inayodumu sekunde 20 bila kupumua.

"Wenye uwanja wanaweza kuongeza wanachotaka kwa spika na kengele"

Hawaruhusiwi. Bendi, mtangazaji na anayeendesha muziki wakipiga kelele za kuzuia timu isisikie ishara zake, timu yao inaweza kuadhibiwa. Mississippi State ndio wenye kesi maarufu: mashabiki wao wana desturi ya kupiga kengele za ng'ombe, na mwaka 1974 ligi yao ya SEC ilipiga marufuku vyombo vya kelele. Kengele ziliendelea kuingia kwa kificho hadi mwaka 2010, yalipofikiwa maafikiano: ruksa kuzipiga, ila mpira ukikaribia kuanzishwa zinyamaze.

"Masikio yanauma siku moja, kesho yake yamepona"

Mlio unaosikika kichwani baada ya mechi huisha kweli, lakini madhara yanaweza kubaki. Wataalamu wa afya kazini Marekani huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Kwa 110 ni chini ya dakika mbili, na mechi moja huchukua zaidi ya saa tatu. Kelele za uwanjani huja na kuondoka, kwa hiyo si saa tatu mfululizo, lakini mchezo wa ushindani mkubwa hukusanya dakika hizo mbili mapema sana, hata kabla ya mapumziko.

Viziba masikio vya sponji huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya dawa, na ukivivaa bado utausikia umati vizuri. Mtoto mchanga havitumii, kwa sababu tundu la sikio lake ni dogo. Wake ni vile vifuniko vya kuzungusha kichwani vinavyofunika sikio zima, na avae tangu mnapopita getini.