Mwalimu, kusoma anasoma vizuri, shida ni hesabu tu

Imetokea tena. Mzazi kakaa mbele yangu na daftari la mtoto, kidole kiko kwenye alama nyekundu, na ile sentensi naijua kabla hajaimaliza: "Mwalimu, huyu kusoma anasoma vizuri sana, shida yake hesabu tu." Ili kunithibitishia akamwambia mtoto asome, na kweli mtoto akasoma ukurasa mzima wa sayansi kama mtangazaji wa taarifa ya habari, hajakwama hata silabi moja. Mzazi akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamuuliza mtoto, haya, umesoma nini? Kimya. Nikamuuliza tena kwa upole, akaanza kuusoma ukurasa upya.

Sasa naandika hii mara moja, afu mwingine akinijia na hiyo sentensi namtumia linki.

Kiswahili kinawadanganya wazazi, tuanzie hapo. Maneno yetu yanaandikwa kama yanavyotamkwa, mtoto akishashika silabi zake basi anaweza kulitamka neno lolote hata la kitabu cha udaktari. Lugha kama Kifini iko hivyo hivyo, watoto wanashika kutamka mapema, wakati wa Kiingereza wanasota muda mrefu zaidi kwa sababu tahajia yao haieleweki. Kwetu sauti inatoka haraka, na maana inaweza ikawa imebaki nyuma mbali sana, na huwezi kujua kwa kusikiliza.

Na usifikiri maswali ya ufahamu yanaonesha. Soma hii: "Mikule mitatu ilitwarika kando ya londe kwa sababu ya fubizo." Mikule mingapi ilitwarika? Mitatu. Ilitwarika wapi? Kando ya londe. Kwa nini? Kwa sababu ya fubizo. Hongera, umepata tatu kwa tatu na hujui mkule ni mnyama au ni mti. Hayo maneno nimeyabuni mimi hapa hapa. Nusu ya maswali ya ufahamu tunayowapa watoto yako hivyo, na ndo maana kwenye ripoti mtoto ana tisini ya lugha na arobaini ya hesabu, na mzazi anahitimisha kwamba tatizo liko kwenye namba.

Haya, hesabu. Swali la kawaida kabisa la darasa la tatu: Asha ana kalamu 12. Anamzidi Juma kwa kalamu 5. Juma ana kalamu ngapi? (Asha na Juma wa vitabuni hawajawahi kupumzika, miaka yote wanahesabu kalamu.) Darasani kwangu huwa napata majibu matatu. 7, sawa. 17, kwa sababu mtoto kaona "zidi", akaona ni zaidi, akajumlisha. Na 60, hili ndo nalipenda, kwa sababu tumetoka kumfundisha kuzidisha wiki hiyo hiyo, sasa kaona "anamzidi" akajua mwalimu anataka azidishe, na 12 mara 5 ni 60 kweli, hesabu yake haina kosa hata kidogo! Huyu wa 60 ukimpeleka tuisheni ya jedwali la kuzidisha unampeleka kwa ugonjwa asiokuwa nao. Alichokosa ni kuona kwamba "zidi" ya Asha na Juma sio "zidisha" ya ubaoni, na kwamba mwenye nyingi katajwa kwanza, kwa hiyo Juma lazima awe na chache. Hilo ni tatizo la kusoma. Narudia, la kusoma.

Kutoa nako hivyo hivyo. "Baba alitoa vitabu 8 kabatini akavipanga mezani palipokuwa na 6. Mezani sasa viko vingapi?" Neno "toa" limekaa pale linamwita mtoto, naye anaandika 8 – 6. Huwezi kumlaumu, sisi wenyewe tumemfundisha kutafuta neno la siri, ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "baki" toa, ukiona "kila" zidisha. Mi pia nilifundisha hivyo miaka kadhaa, nilibandika na bango ukutani, na nililitoa mwenyewe kwa aibu.

Ufaransa kuna watafiti wa Grenoble waliwahi kuwapa watoto wa rika hili hili swali la kijinga makusudi, wakalichapisha 1980: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 97, na 76 kati yao walitoa jibu kwa kuzichezea zile namba, na bila shaka umeshaona 36 inavyokaa vizuri kama umri wa nahodha. Mi nimelijaribu darasani, sitasema walipata ngapi, ila kuna mmoja alinyoosha mkono akauliza "mwalimu, mbuzi nao wanahesabiwa?" na mpaka leo sijui kama alikuwa karibu na ukweli au mbali nao zaidi ya wenzake.

Jedwali nipite haraka maana watu wanalipenda kupita kiasi. Mpaka 10 mara 10 yako mia moja, yanatisha, lakini 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja kwa hiyo yanabaki 55, ondoa ya moja, mbili, tano na kumi ambayo mtoto anayapata kwa kuhesabu tu, yanabaki 21. Ishirini na moja! Hayo ndo ya kukariri kwa jasho. Je ayajue kwa kasi gani? Uingereza tangu 2022 watoto wa miaka nane tisa wanapewa lazima maswali 25, kila moja sekunde 6, mpaka ya 12. Nina mtoto anayejibu baada ya sekunde kumi na anaweza kukueleza 7 mara 8 kwa njia tatu, na nina mwingine anajibu kabla sijamaliza kuuliza na hajui atumie wapi. Nikiambiwa nichague nani yuko mbele, wiki nyingine nasema huyu, wiki nyingine yule.

Sehemu ndo mtihani mwingine. 1/4 na 1/3 ipi kubwa? Wanasema 1/4, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3, na miaka miwili yote tuliwaambia namba kubwa ni kubwa, sasa leo tunageuka. Mimi nakunja karatasi mbili zinazolingana, moja vipande vitatu sawa, moja vinne, tunaacha maneno kabisa, afu tukishaona ndo tunarudi kwenye kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini. Na hilo neno "sehemu" mpaka juzi lilikuwa ni mahali pa kukaa!

Umeona linakoelekea. Darasa la tatu maneno ya nyumbani yanapewa kazi mpya, kila somo linampa kazi yake. Eneo la mtaani na eneo la mstatili. Ufunguo wa mlango na ufunguo wa ramani. Kwenye sayansi mmea "unatengeneza chakula" na mtoto anayejua chakula ni kitu cha sahani anapata picha ya ajabu, afu anajibu kwenye mtihani kwamba mmea hula udongo kwa mizizi. Tusimcheke sana. Jan Baptist van Helmont, mkemia wa zamani wa Ulaya, alipanda mti kwenye chombo, akaumwagilia miaka mitano, udongo ukapungua kidogo sana wakati mti umeongezeka makumi ya kilo, na yeye akahitimisha mti umetokana na maji. Maelezo yalichapishwa 1648. Mtu mzima, msomi, na hakuona kwamba mmea unatumia na hewa. Sasa mtoto wa miaka minane amepewa aya moja yenye mistari minne na mchoro wenye mishale.

Uraia, ramani, mwandiko, imla, insha za aya tatu, nayaruka, sio kwamba hayana maana, ni kwamba hakuna mzazi aliyewahi kunijia kulalamika dira.

Kuna jambo sina uhakika nalo na chuoni walitufundisha kama vile ni sheria: kwamba mpaka darasa la pili mtoto anajifunza kusoma, kuanzia la tatu au la nne anasoma ili ajifunze. Jeanne Chall, mtafiti wa usomaji wa Marekani, ndo anayetajwa sana kwa hatua hizo, aliziandika 1983. Kama ratiba, inasaidia. Lakini darasani siuoni huo mstari. Wa la kwanza anajifunza vitu vingi kwa kusikiliza hadithi, na wa la tatu bado anajifunza kusoma, ila sasa anasoma hesabu, anasoma mchoro, anasoma ramani, na kila kimoja kinasomwa tofauti. Hadithi ukiruka neno unaendelea, swali la hesabu ukiruka neno "kila" umekwisha.

Na ukiniuliza nifanye nini nyumbani, sina dawa kubwa. Mpe swali la hesabu alisome, funika zile namba kwa kidole, afu mwambie akusimulie kunatokea nini. Asha ana nyingi au chache? Nani kazidi? Akishindwa hapo, usimfunulie namba kwanza. Yule wa 60 nilimfanyia hivyo, akatulia, akasema "kumbe Asha ndo mwenye nyingi." Afu akaandika 17.

Kesho tunaendelea naye.